Katapila Hayupo

Adis Ababa, Uhabeshi
12 Februari 1956

Kaka Kaimu,

Shikamoo. Nimeanza na wewe ili usinune. Salamu za pili ni za mama yetu Mwanawetu na goti lake, na za tatu ni za mwanangu Katapila, ambaye naamini miguu yake sasa imeshaizidi ile kanzu niliyomtumia. Mimi ni mzima. Nakohoa kidogo asubuhi kwa baridi ya huku, baridi ambayo nikikueleza utasema nimeanza uongo wa wasafiri. Nalala na soksi, kaka.

Kazi yangu ni ileile ya bweni la watoto wadogo: kuwaamsha, kuwaogesha, kuwatafutia viatu vilivyopotea. Shule imekua. Ilianza katika nyumba ya kupanga, sasa ina madarasa ya mawe na mwalimu mkuu, Bwana Eustace, Mwingereza mrefu anayeinama kila mlangoni hata mlango ukiwa mkubwa. Watoto ni wa kila namna: Waingereza wa ubalozini, Wagiriki, Waarmeni, Wahindi wa madukani na watoto wa wakubwa wa Kihabeshi. Mwenye shule, Bibi Filimbi, hajabadilika. Unamkumbuka pale Nachingwea, alipowafundisha watoto wa Wazungu wa mradi wa karanga, akipuliza filimbi yake mpaka madereva wa matrekta wanazima injini wakidhani wanaitwa wao.

Sasa nisikilize. Kamati ya shule imetoa nafasi moja kwa mtoto wa mfanyakazi, asome kama hao wengine, darasa moja, dawati moja. Bibi Filimbi akanitazama mimi kabla sijafungua mdomo. Nimemwandikisha Katapila. Bwana Injinia, mume wa Bibi, atashuka Nachingwea mwezi wa Septemba kufunga mambo yake yaliyobaki, naye amekubali kurudi na mtoto. Limebaki neno lako tu. Baba yake alikwenda migodini akanyamaza, na hata angekuwepo, kwetu sisi mjomba ndiye mwenye mtoto. Niambie ndiyo, na uniambie upesi.

Mdogo wako,
Zaitun


Ruangwa
29 Aprili 1956

Mdogo wangu Zaitun,

Salamu zako zimefika, ila zilichelewa Nachingwea dukani kwa Swalehe. Hakutaka kuitoa barua mpaka kila mteja aone ile stempu ya simba aliyevaa taji. Sasa mji mzima unaamini kwamba huko mliko simba huvishwa taji na watu huwaamkia.

Mama hajambo. Goti linamuuma akitumwa, akiitwa ngomani halimuumi. Ufuta umestawi. Muhogo umeliwa na nguruwe, nami nimewatukana kwa Kimwera na kwa Kiswahili, hawajali lugha yoyote. Kule Nachingwea katapila za Wazungu zimebaki porini zinaota kutu, na kuku wanataga ndani yake.

Ama kuhusu mtoto. Nimesoma, kisha nikasoma tena. Sitakujibu sasa, na usiniulize kwa nini. Baada ya mavuno tutasema. Hajambo, anakula kupita kiasi.

Kaka yako,
Kaimu
(kwa jina, si kwa cheo, uwaambie hao wa kamati wasije wakadhani namshikia mtu nafasi)


Adis Ababa
22 Julai 1956

Kaka Kaimu,

Shikamoo, ingawa leo naitoa kwa shingo upande. Mama nampa pole ya goti. Mvua hapa inanyesha kutwa, nguo za watoto hazikauki, na mimi nazikausha kwa pasi huku nikikuwaza wewe.

Mavuno yamekwisha. Niliandika Mei, nikaandika Juni, kimya. Kama mama amekataa, sema. Kama wewe umekataa, sema, nijue namlaumu nani. Bwana Eustace ameniuliza kama mtoto anakuja au nafasi wapewe wengine, nikamwambia anakuja, na sikuwa na hakika hata kidogo.

Nikwambie jambo ambalo sijawahi kukwambia. Siku uliporudi kutoka shule ya Lindi na kalamu umeichomeka sikioni, mimi niliambiwa niende nikatwange. Nilitwanga. Nikajifunza kusoma kwa kuchungulia daftari zako ulipokuwa umelala mchana, kaka, wala hujui mpaka leo. Kila asubuhi huku nawavalisha watoto wa watu soksi nawapeleka mlangoni mwa darasa, kisha mlango unafungwa nabaki nje. Nataka mmoja wetu aingie. Sitaki kitu kingine duniani.

Zaitun


Ruangwa
16 Septemba 1956

Mdogo wangu Zaitun,

Barua hii inakuja na mwenyewe. Ukiipokea, angalia kwanza aliyeibeba, mimi nisome baadaye.

Umenitukana Mei, Juni na Julai, nami nimezipokea zote. Kulikuwa na jambo la wanaume. Halisemwi kwa mwanamke likiwa bado, hata kama ndiye mama, hata kama yuko Uhabeshi. Sasa limekwisha, nasema: mtoto alikuwa jandoni. Nisingemwacha avuke maji akakulie ugenini kama asiye na watu. Alikaa kumbini na wenzake, hakulia, na aliyesema alilia ni mwongo. Kibanda cha kumbi kimechomwa moto, na jina la Katapila limechomwa humo. Lilikuwa jina la utoto tu, tulilompa kwa sababu ulimzaa mwaka zile katapila zilipokuja kuangusha misitu ya Nachingwea. Sasa anaitwa Abdulatifu. Sheria unaijua. Atakayemwita kwa lile la zamani amemtukana yeye, na amenitukana mimi niliyemsimamia.

Kusoma Kiswahili anajua, nimemfundisha mwenyewe, ila humeza maneno ya mwisho. Mpe ugali, usimlazimishe maziwa.

Hapa hakuna jipya. Tangu juzi lori la Injinia lilipompeleka mtoto Nachingwea, ambako barua hii itamkuta kabla hawajaanza safari, mbwa wa hapa anakaa njiani kutwa akiangalia upande huo. Mjinga sana.

Kaimu


Adis Ababa
18 Novemba 1956

Kaka Kaimu,

Shikamoo nyingi, na msamaha nauomba kwa zile barua tatu. Mama nambusu mikono. Na huyo mbwa nisalimie.

Abdulatifu amefika salama. Niliisoma barua yako pale pale stesheni ya treni, nikamwita jina lake jipya, akageuka akaniitikia kama mtu mzima, nikalia mbele ya wapagazi bila haya. Amekuwa mrefu. Mkate wa huku, mpana na mchachu, alikataa mwanzoni, sasa anamaliza na wa kwangu. Amepata rafiki, Bernardo, mtoto wa Mtaliano mwenye gereji. Wanazungumza kwa mikono zaidi kuliko midomo.

Mvua zimekata. Huku wamepanda mikaratusi kila kilima, ukipita asubuhi inanukia kama dawa ya kuchua. Bwana Eustace hajambo. Bibi Filimbi amekwenda Ulaya kutibiwa mgongo, atarudi Machi. Jua linawaka lakini halipashi moto. Mikaratusi hukatwa na kuchipua tena yenyewe, nadhani ingefaa hata huko kwetu.

Mengine ni ya kawaida.

Zaitun


Ruangwa
6 Januari 1957

Zaitun,

Mama hajambo, ufuta umeuzwa, mvua zimeanza vizuri. Basi.

Umeniandikia mistari mingi ya mikaratusi. Mimi sikuuliza habari za mikaratusi. Nakujua tangu unatambaa: ukivunja chungu, huja kunisifia ufagio. Mtoto ana nini?

Kaimu


Adis Ababa
10 Februari 1957

Kaka Kaimu,

Shikamoo. Sote wazima wa mwili. Basi nasema.

Kila asubuhi mwalimu wa darasa huita majina, na kila aliyeitwa huitikia. Akifika kwa mwanao huita "Katapila", maana ndilo nililoliandikisha mimi mwaka jana, kabla hujanituliza na habari za kumbi. Mwanao hukaa kimya, mikono juu ya dawati, macho mbele. Mwalimu huita tena. Kimya. Basi huandika kwamba hayupo, na mtoto yupo pale pale, ameoga, amechana nywele.

Nilikwenda kwa Bwana Eustace nikamweleza. Akasema kamati ilimpa nafasi Katapila. Kama huyu ni Abdulatifu, basi ni mtoto mwingine, na Katapila aletwe. Ningemleta kutoka wapi, kwenye majivu? Akasema tena kwamba mtoto asiyeitika jina lake ana kiburi, na shule yake haifundishi kiburi.

Kuna na jingine. Kwa Kiingereza, katapila ni kiwavi. Hatukujua, kaka. Sisi tulilijua trekta tu, lile kubwa linalong'oa miti. Watoto walicheka siku ya kwanza mpaka wakalala juu ya madawati. Mwalimu mmoja wa kike, mwenye huruma, akamwita kando akamwambia asihuzunike, kiwavi siku moja huwa kipepeo. Mwanao akamjibu kwa Kiingereza chake cha juzi kwamba yeye si kiwavi na wala hatakuwa kipepeo, yeye ni Abdulatifu. Hapo ndipo walipoanza kumwogopa kidogo. Bernardo naye, likiitwa lile jina, hupaza sauti: "Hayupo, lakini Abdulatifu yupo." Hutolewa nje. Kesho yake hurudia.

Sheria ya shule ni kwamba mtoto asiyehudhuria hupoteza nafasi, na kamati itakaa kabla ya Pasaka. Kwenye rejista yao mwanao hajahudhuria tangu aje. Hajakosa hata siku moja, lakini rejista ndiyo inayosema.

Nilimwomba aitikie tu. Nilimwambia huku hakuna mtu wa kwetu wa kusikia. Akaniuliza, "Mama, na mimi si nitasikia?" Kisha akasema mjomba akimruhusu, ataitika. Basi mruhusu, kaka. Nakupigia magoti. Mlango umefunguka mara moja tu, nami naogopa utafungwa akiwa nje.

Zaitun


Ruangwa
3 Machi 1957

Mdogo wangu Zaitun,

Pole. Wote hapa wanakupa pole. Barua yako niliisoma nimesimama, nikamaliza nimekaa.

Nikwambie ukweli, nilikubali. Nilichukua karatasi nikaandika: namruhusu aitike. Nilikumbuka kalamu yangu ya sikioni na wewe kinuni, roho ikaniuma. Mama akaniuliza nimeandika nini. Nikamsomea. Akaichukua karatasi, akaitia jikoni chini ya chungu, akapuliza moto mpaka ikaisha. Akasema, "Tumeshachoma jina moja, wewe unataka kuchoma na la pili?" Kisha akanipa karatasi nyingine na kuniambia niandike kama mjomba.

Nimeandika. Hiyo hapo chini si yako, ni ya Bwana Eustace. Asiisome mwingine ila mtoto mwenyewe, kwa sauti, mbele ya kamati yote, na Bibi Filimbi awafasirie. Mwambie asimeze maneno ya mwisho.

Kaimu

*

Kwa Bwana Eustace, mwalimu mkuu, pamoja na wazee wa kamati.

Salamu kutoka Ruangwa, Jimbo la Kusini, Tanganyika. Sisi ni wazima na tunawaombea uzima. Mimi ni mjomba wa mtoto anayewasomea barua hii. Kwetu mjomba ndiye mwenye mtoto, kwa hiyo niulizeni mimi.

Mnasema mlimpa nafasi mmoja, akaja mwingine. Nawakumbusha jambo mlilonalo hapo hapo. Mwaka ule wa karanga alikuja Nachingwea binti wa Kiingereza, mwalimu, anaitwa Misi Witkomu. Alikuwa na filimbi. Jumamosi moja aliolewa na Bwana Injinia Pembatoni pale klabuni kwao, sisi tukala wali nje. Jumatatu tukaambiwa Misi Witkomu hayupo tena, kuna Bibi Pembatoni. Hatukusema huyu ni mtu mwingine, Misi Witkomu aletwe. Filimbi ilikuwa ileile. Tulimwamkia kwa jina lake jipya, maana kwa watu wenye adabu aliyevuka ameshavuka. Leo akiitwa Misi Witkomu barabarani, ataitika?

Mpwa wangu naye amevuka. Nami niliyemvusha nasema anaitwa Abdulatifu. Mwiteni, mtaona kama hana adabu.

Kaimu, kwa jina, si kwa cheo.


Adis Ababa
14 Aprili 1957

Kaka yangu Kaimu,

Shikamoo, na shikamoo tena, na ya tatu mpe mama hapo alipokaa, umwambie moto wake wa jikoni umefika mpaka Uhabeshi.

Kamati ilikaa Ijumaa. Niliruhusiwa kusimama karibu na mlango, na safari hii upande wa ndani. Walikuwepo Bwana Eustace, wazee wawili wa ubalozini, Mwarmeni mmoja mwenye kiwanda, na Bibi Filimbi aliyerejea juzi na fimbo ya kutembelea. Abdulatifu akasimama katikati, soksi zimevutwa mpaka magotini, akafungua karatasi yako. Akasoma sentensi moja, Bibi akafasiri, akasoma nyingine, Bibi akafasiri.

Walipofika pale pa Misi Witkomu, Bibi Filimbi akaacha kufasiri. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni. Wazee wanamngoja, yeye anamwangalia mtoto. Mtoto akadhani hakusikia, akairudia kwa sauti zaidi, na neno la mwisho hakulimeza: "Ataitika?" Bibi Filimbi akacheka, kaka, kile kicheko chake cha Nachingwea, akafasiri yote bila kuruka kitu, hata wali tuliokula nje. Kisha akawageukia akasema kwa Kiingereza, nami nilielewa kila neno, kwamba yeye hangeitika, na angependa kumwona wa kumlazimisha.

Bwana Eustace akainamisha kichwa kama anapita mlangoni. Akauliza basi rejista iandikwe Abdulatifu nani, maana lazima kuwe na jina la pili. Mtoto akasema, "Kaimu." Bibi akawafasiria kwamba kwa Kiswahili kaimu ni mtu anayeshika nafasi ya mwingine, Bwana Eustace akataka kujua anashika nafasi ya nani. Mwanao akajinyoosha: "Kaimu kwa jina, si kwa cheo." Mwarmeni akapiga meza kwa kucheka, na shauri likaishia hapo.

Jumatatu asubuhi nilipeleka watoto wangu mlangoni kama kawaida, ila sikuondoka. Bwana Eustace alikuja mwenyewe kuita majina ya darasa lile. Akaita wa kwanza, wa pili, nami nimeshika ukuta. Kisha akasema taratibu, kama anayebeba kitu cha udongo: "Abdulatifu Kaimu."

Mwanao akasimama. Alipaswa kujibu kwa Kiingereza, akasahau. Akasema, "Nipo." Alisema kwa nguvu hata njiwa wakaruka juu ya paa. Bernardo akapiga dawati kwa ngumi mbili, darasa zima likamfuata, wale wale waliocheka. Bwana Eustace akawaacha wapige. Kisha akachukua wino mwekundu, akarudi nyuma kwenye rejista, ukurasa kwa ukurasa, akafuta kila palipoandikwa hayupo, akaandika yupo. Nilisimama pale mpaka akamaliza. Nimefurahi, kaka, sijui niiweke wapi furaha hii. Watoto wa bweni leo wamevaa soksi zisizofanana na mimi sijali.

Zaitun


Ruangwa
2 Juni 1957

Kwa Abdulatifu Kaimu, mwanafunzi, Adis Ababa.
Umsomee na mama yako.

Mpwa wangu,

Salamu. Bibi yako amecheza ngoma kwa barua ile, goti na yote, kesho yake akalala kutwa akituagiza. Swalehe ameomba stempu, nimemnyima, iko ukutani kwangu. Ufuta wa mwaka huu sijui ukoje, sijautazama.

Umesoma vizuri. Hukumeza. Nilijua hutameza, lakini siku ile ya Ijumaa, ambayo sikuijua kuwa ndiyo, nilikuwa natembea uani nikisema maneno yale kwa ajili yako.

Mwambie mama yako kuhusu yule mbwa niliyemwandikia, aliyekaa njiani akiangalia upande wa Nachingwea. Alimtumia salamu mara moja, sikumjibu. Anajua, na wewe unajua, kwamba nyumba yetu haijawahi kufuga mbwa.

Huyo aliyekaa njiani ameshaondoka pale. Kila siku ya gulio yuko sokoni Ruangwa, amepanda juu ya gunia, anawasomea watu barua ya mama yako. Akifika pale Mzungu anapoita jina, hunyamaza, na sokoni kote watu huitika, "Nipo."

Mimi,
Kaimu kwa jina. Kwa cheo, mjomba.